Jua la Asubuhi Tu

Butiama, shuleni
14 Julai 2024

Mamdogo Kudura,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na nyumba nzima, ingawa nyumba nzima sasa hivi ni wewe na cherehani. Nimefika salama. Mimi na Lucy wa Nyegina tumepangwa tena kitanda kimoja, yeye chini mimi juu. Chakula ni kilekile, usiniulize. Baridi ya huku asubuhi inauma, lile koti ulilonishonea likawa refu, sasa hivi ndiyo nashukuru urefu wake.

Naandika kwa sababu simu ya matroni siiwezi. Unaongea yeye amesimama pembeni na foleni nzima nyuma yako inasikiliza. Mimi nikiishika tu, sauti inakwisha. Kwa hiyo barua atabeba Mama Jeska, yule anayetoa dagaa na furu huko Musoma kuleta mnada wa Kiabakari. Akimaliza mnada anapitisha gunia moja jikoni kwetu. Barua ikinuka dagaa usinicheke.

Sasa Pundamilia wangu. Ningekuja naye, ila matroni alishasema bweni si shamba. Najua utasema kimmea chenyewe ni kama ngumi, kina majani magumu yenye mistari myeupe, kinataka nini cha ajabu. Kinataka vitu viwili tu. Kwanza, kikae palepale kwenye dirisha la chumbani kwangu, kwa sababu linatazama mashariki. Kinataka jua la asubuhi tu. La mchana hapana. Pili, maji kidogo mno. Chukua njiti ya kiberiti, ichomeke kwenye udongo. Ikitoka na udongo umeng'ang'ania, usimwagilie. Ikitoka kavu kabisa, mpe kijiko kimoja cha chai, na usirudie mpaka akauke tena. Kumbuka amekaa kwenye kikombe cha marehemu Mama, na kikombe hakina tundu. Maji yakiingia hayana mlango wa kutokea.

Jambo la mwisho. Siku ya Idi, Baba alivyokuja kutoka Kahama, alisema msichana wa umri wangu anakaa kwa baba yake, siyo kwa mama mdogo. Ulisema utamjibu. Umemjibu? Si lazima uniambie sasa. Ila nikijua, nitalala.

Mwanao,
Najat


Musoma
2 Agosti 2024

Najat mwanangu,

Wa alaykum salaam na marahaba. Barua imefika na ndiyo, inanuka dagaa. Paka wa jirani alinifuata mpaka mlangoni.

Huku wote wazima. Upepo wa ziwa umeanza ule wa kubamiza milango. Kazi zipo, nashona sare za shule mbili kwa pamoja, na cherehani imechagua wakati huohuo kunisumbua. Imekula uzi, imeruka mishono, ikaacha kabisa. Alawi, yule fundi wa siku ya Idi, amekuja kutoka Bunda kuitazama. Akarekebisha. Wiki iliyofuata ikaharibika pengine, akaja tena. Anakusalimu. Anauliza kama Butiama mnapata maziwa.

Sasa hiyo shubiri yako. Nimesoma maelezo yako, na bado sijaamini kwamba mtoto niliyemlea mimi anaweza kuandika kwamba kiumbe kinyimwe maji. Bibi yako, Mungu amrehemu, alitukataza mimi na mama yako kumwaga chooni maji ya udhu yaliyobaki kwenye birika. Alisema yanapewa chenye uhai. Nilikuwaga nawapa kuku. Kuku sina tena. Kwa hiyo kila nikimaliza kutawadha, ninachobakiza nampelekea shubiri yako dirishani. Anapata mara tano kwa siku, na maji yenye baraka. Wewe huko unakula mara tatu. Nani kati yenu analelewa vizuri?

Mengine ya watu wazima waachie watu wazima. Wewe soma.

Mamdogo


Butiama
11 Agosti 2024

Mamdogo,

Shikamoo. Salamu zako nimezipata, na Lucy anasema asante kwa karanga ulizotutumia. Mimi mzima kiasi. Nilikuwa mzima kabisa mpaka niliposoma barua yako.

Mara tano kwa siku, Mamdogo? Tena yule siyo shubiri. Ni ndugu yake, ila siyo yeye. Jina lake la kitabuni ni haworthia. Kitabu ni cha maktaba, cha Kiingereza, na nimekaa nacho muda wa prepo, wa kujisomea usiku, wote mzima nikikutafsiria sentensi moja moja. Wanasema kinachomuua mmea huu siyo kiu. Kinachomuua ni huruma ya mwenye nyumba. Sawa, neno huruma nimeliongeza mimi, ila maana ni hiyohiyo. Majani yake manene ndiyo mtungi wake, ameshateka maji tayari. Ukimzidishia, mizizi inaoza huku juu anaonekana anacheka. Siku utakayogundua, umeshachelewa.

Maji ya udhu mpe mpapai wa uani. Mpapai ni chenye uhai. Bibi hakusema ni lazima kiwe kile cha kwangu.

Na hiyo cherehani inaharibikaga kila wiki? Ilikaa miaka yote nikiwa darasa la tatu mpaka la saba haijaharibika. Nauliza tu.

Likizo fupi mwisho wa mwezi huu sitakuja. Kuna masomo ya ziada.

Hukuniambia kuhusu Baba.

Najat


Musoma
15 Septemba 2024

Najat,

Marahaba. Salamu za kuagia hukuziandika, ila mimi nakupa zangu. Huku wazima. Mjomba wako Luqmani amekuja mara mbili kutoka kazini akakukosa.

Masomo ya ziada. Nimekaa na hayo maneno mpaka Mama Jeska aliponipitia, nikamuuliza kama watoto wa ziada wanakula dagaa wake vizuri. Akasema, watoto gani, shule ilifungwa, hata mpishi alikwenda kwao. Akasema alikuona Nyegina kwa kina Lucy, unachambua mahindi kibarazani. Najat. Nyegina na Musoma ni pua na mdomo. Pikipiki haijapata hata joto, umefika. Nilikuwa nimepika sato wa nazi. Nikala na Alawi, na aliona aibu kula sehemu yako, akaifunika na sahani mpaka jioni.

Sikuulizi kwa nini. Ninyi watoto wa siku hizi mkiulizwa mnajibu kwa Kiingereza.

Mmea wako. Usije ukasema sikukuambia. Niliungua na pasi, hapa kwenye kifundo cha mkono, nikavunja jani moja la shubiri yako nijipake kama tulivyokuwaga tunafanya kwetu. Halina utomvu wa maana. Majimaji tu. Nimeungua na jani limekwenda bure, kwa hiyo tumepata hasara wote wawili. Maji nimepunguza. Nampa swala ya alfajiri na ya magharibi tu, zile za katikati nampelekea mpapai kama ulivyoagiza.

Nimemhamishia dirisha la mbele, maana chumbani kwako nimeweka majora ya vitambaa, hapapitiki. Pale mbele anaota jua lote la mchana na amebadilika rangi, amekuwa mwekundu mwekundu kama kahawia ya chai. Amependeza. Wateja wanamsifu.

Mamdogo


Butiama
22 Septemba 2024

Mamdogo,

Shikamoo. Nimekukosea kuhusu Nyegina na sina cha kujitetea. Kama sahani ilifunikwa mpaka jioni, basi ninastahili hiyo barua yako yote.

Ila sasa nisikilize, maana sijui hata nianzie wapi. Kuwa mwekundu siyo kupendeza. Anaungua. Ndivyo anavyofanya jua likimzidi, anajipaka ile rangi kama mtu anavyojifunika kanga kichwani. Na jani lililovunjwa, Mamdogo, umeacha kidonda kwenye mmea unaomwagiliwa mara mbili kwa siku kwenye kikombe kisicho na tundu.

Halafu nikakaa nikafikiri. Dirisha la mbele lina pazia la kijani, lile zito, ulilolishona kwa mabaki ya kitambaa cha makochi. Mchana ndani kwetu ni giza mpaka unashona kwa taa. Jua la mchana lingemfikiaje Pundamilia mpaka aungue? Kwa hiyo pazia halipo. Pazia la kufuliwa linarudi kesho yake. Na kuungua kwa mmea huu siyo kazi ya siku moja.

Majora ya vitambaa yako chumbani kwangu. Tangu lini? Majora yanakaaga chini ya meza ya kukatia.

Mamdogo, unahama? Kama unahama, unahamia kwa nani najua, hata usiponiambia. Nilimwona siku ya Idi alivyoketi. Fundi wa cherehani haketi vile.

Desemba mimi nitalala wapi?

Najat


Butiama
6 Oktoba 2024

Mamdogo,

Shikamoo. Mama Jeska amepita mara mbili mikono mitupu. Nikamuuliza kama umzima, akasema mzima, anacheka, ana kazi nyingi. Nikamuuliza kama dirisha la mbele lina pazia. Akanitazama kama naumwa.

Mvua zimeanza huku. Mmea usipewe maji kabisa sasa. Hewa yenyewe inamtosha.

Najat


Musoma
20 Oktoba 2024

Najat mwanangu,

Nisamehe kukaa kimya. Mikono ilikuwa imejaa, na mengine yalikuwa hayajakaa sawa nikuandikie.

Uliyosema yametimia, furahi. Pundamilia ameoza. Alawi alikinyanyua kikombe akitaka kufuta meza, akasema mbona kizito, kina bwawa ndani. Nikashika majani nimtoe, yakabaki mkononi kama ndizi iliyopitiliza. Chini pote pamekuwa uji. Ila pembeni kulikuwa na vitoto viwili, vidogo kama kifungo cha shati, vyenyewe vigumu na mistari yao. Nimevitenga kwenye kisosi. Niambie nifanyeje kabla sijaviua navyo.

Kikombe nimemwambia Alawi akitoboe tundu chini ili jambo hili lisijirudie. Amekitoboa na kichuma chake kidogo cha kazi, polepole, akikimwagia maji, na hakikupasuka. Kipo kizima.

Likizo ya Desemba tutaongea.

Mamdogo


Butiama
27 Oktoba 2024

Mamdogo,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii nikachana, nikaanza tena. Shuleni tunaambiwa tuongee Kiingereza tu, na mimi nimegundua Kiingereza ni kizuri kwa kujificha. Mtu akikuuliza hali unasema fine, imekwisha. Kwa Kiswahili lazima useme hali ya nyumbani, na mimi nyumbani sijui tena ni wapi. Kwa hiyo nitakuambia kwa Kiswahili, na utanisamehe, kwa mdomo nisingeweza.

Kikombe cha Mama umempa mtu akakitoboa. Vikombe vilikuwa sita, kimebaki hicho. Hukuniuliza. Ungeweza kutoa mmea ukauweka kwenye kopo la maziwa, hata kwenye chupa iliyokatwa, nisingesema neno. Lakini kitu cha Mama kimetobolewa na fundi wa cherehani, halafu unaniandikia "kipo kizima". Kitu chenye tundu siyo kizima, Mamdogo.

Kule Nyegina nilisimama barabarani asubuhi moja, nimevaa, nimeaga kina Lucy. Pikipiki zikapita, za kuja Musoma, na mmoja akasimama akaniuliza, "Dada, mjini?" Nikasema hapana. Kwa sababu niliona nikifika nitamkuta huyo fundi amekaa kwenye kiti changu. Itabidi nimsalimie, na unajua mimi, sauti itakwama, nitatazama miguu yake. Ataona sina adabu. Atakuambia. Siyo kwa ubaya, atakuambia tu, binti yako vipi. Halafu siku moja Baba atapiga simu tena kutoka Kahama, na wewe utakuwa umechoka, utasema sawa, mchukue. Kule kuna mke wa Baba na watoto ambao hata majina yao nayachanganya. Nitakuwa mgeni mpaka nizeeke.

Hicho ndicho ninachouliza tangu Julai. Ninakuuliza kuhusu njiti ya kiberiti na wewe unanijibu kuhusu cherehani.

Vile vitoto usivipande leo. Viache kwenye kisosi, kivulini, siku kadhaa, mpaka pale vilipokatika pakauke pafanye ngozi. Ukivipanda na kidonda kibichi vinaoza kama mama yao. Vikishakauka, mchanga wa ziwa uuoshe, changarawe ndogo, udongo kidogo sana. Usitie samadi hata mtu akikuletea kwa nia njema. Maji baada ya wiki, kijiko. Jua la asubuhi tu.

Kama umeamua kunipeleka, niambie kabla ya mtihani, siyo baada. Ili kama nitaufeli, niutafutie sababu mapema.

Najat


Musoma
17 Novemba 2024

Najat, mwanangu, roho yangu,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, mjomba wako Luqmani ana mafua ya mvua. Kaa chini usome, na usisome jikoni ukiwa na Mama Jeska, ana macho.

Nianze na kikombe. Kile kikombe, kabla hakijawa cha mama yako, kilikuwa cha dada yangu. Nilikuwa nimeshika taa siku Alawi anakitoboa, na yeye alinitazama usoni, hakutazama kikombe. Akasema, niache? Nikasema, toboa. Dada yangu angeniuliza kitu kimoja tu, kwa nini uliacha kitu cha mtoto kife kwenye chombo kizuri. Hilo ndilo nililofikiria. Ulikuwa na haki ya kuulizwa, na sikukuuliza. Limepita.

Sasa hili lingine, ambalo umelizungukia tangu Julai na mimi nikakimbilia kwenye mmea kila uliponikaribia.

Alawi amenitaka, ndiyo. Na cherehani ilikuwa haiharibiki, nilikuwa nalegeza skrubu mwenyewe. Haya, cheka. Yeye nyumba yake iko Bunda, chumba na sebule, amekaa peke yake tangu mkewe afariki. Mwezi wa tisa nilianza kufungasha, pazia nikalipeleka kule lipimwe, halafu usiku mmoja nikajiuliza ulichoniuliza wewe. Chumba na sebule. Najat atalala wapi? Nikasimamisha kila kitu.

Sikukujibu kwa sababu sikutaka nikuahidi chumba ambacho hakijapata bati. Mtu mzima akimwahidi mtoto halafu ikashindikana, mtoto hamwamini tena hata akisema leo kuna jua.

Wazee wa Alawi wakaja kuposa, na yeye mwenyewe yumo. Unajua kwetu bibi harusi ndiye anayetaja mahari yake mwenyewe. Mjomba wako akaingia ndani kuniuliza, huku nje watu wamekaa, pilau inapoa. Nikamwambia. Akasema sijasikia vizuri. Nikamrudia. Akasema, "Dada, wenzako wanataja kitanda, wanataja dhahabu, wanataja msahafu. Wewe unataja nini hiki?" Nikamwambia atoke akakiseme hivyohivyo. Akatoka ameshika kichwa. Akarudi na sheikh, na sheikh akauliza kwa nyuma ya mlango, akarudia, na mara ya tatu akaniuliza kama ninaumwa.

Mahari niliyotaja ni chumba. Chumba kimoja cha kujengwa ubavuni mwa ile nyumba ya Bunda, chenye mlango wake, na dirisha linalotazama mashariki, lipate jua la asubuhi tu. Kikishakamilika ni mali yangu, na ninampa Najat, binti wa marehemu dada yangu Faudhia, akitumie mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka. Na nikasema nikaha haisomwi mpaka dirisha liwe limekaa.

Sheikh akatoka akayasema nje kama nilivyoyataja. Kisha nikamsikia Alawi anauliza, "Mashariki kabisa, au kuelekea kaskazini kidogo?"

Mwanangu, tangu hapo hakuna amani. Fundi wa matofali alipewa maelekezo, akaweka dirisha upande wa barabara, eti dirisha hutazama barabara, nani anatazama ukuta wa jirani. Alawi akaja kulikuta limeshafika lenta, ule mkanda wa zege wa juu. Akalivunjisha. Fundi akaapa hajawahi kuona bwana harusi anabomoa kwa ajili ya jani. Sasa kila akitoka swala ya alfajiri anakwenda kusimama mle ndani, na kikombe chako mkononi, nilichompa akae nacho huko Bunda, anasubiri jua aone linapoangukia. Halafu ananipigia. Jana ameniambia jua la Novemba linatokea kusini kidogo kuliko la Septemba, tufanyeje. Nikamwambia alale.

Vitoto viwili vilikaushwa kisosini kama ulivyosema. Kimoja kimeshika mizizi, kinasimama chenyewe kwenye kikombe. Kingine sijui, kinanitazama tu. Samadi Alawi alileta ndoo nzima. Nimempa mpapai.

Bati limepigwa juzi. Plasta bado inanuka.

Baba yako nimemjibu. Nimemwambia msichana mkubwa anakaa palipo na chumba chake. Akasema basi nitamtumia godoro. Tutaona.

Sitaolewa ukiwa shuleni. Fanya mtihani wako, usiutafutie sababu yoyote. Kuhusu kumsalimia Alawi, nimemwuliza kama anakuona huna adabu. Akasema siku ya Idi alikaa nawe sebuleni muda mrefu akitafuta la kukuambia, na hakulipata, akaondoka amejiona mjinga. Ndiyo maana aliuliza habari za maziwa. Sasa mtakaa wawili mle ndani hamsemi, na mimi ndiye nitakayechizika.

Mamdogo


Butiama
24 Novemba 2024

Mamdogo wangu, na Baba mdogo,

Shikamooni nyote wawili. Mimi mzima.

Barua niliisomea nyuma ya tangi la maji. Lucy alinifuata akanikuta, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni dirisha. Hakuelewa, na mimi sikuwa na sauti ya kumweleza, ila amenipa kitambaa chake na bado sijamrudishia.

Mtihani wa baiolojia umeanza na mizizi. Nimejaza ukurasa, nikaomba karatasi nyingine.

Baba mdogo, jua la Novemba kutokea kusini kidogo ni kawaida, usivunje tena. Mwezi wa tatu litarudi. Naandika hapa kwa sababu nikifika nitakuwa natazama miguu yako, lakini hiyo haina maana yoyote mbaya. Maziwa tunapata, siku ya Jumamosi.

Mamdogo, lile pazia la kijani weka sebuleni kwenu. Chumbani kwangu usiweke. Kile kitoto kinachokutazama tu, usikiguse wala usikihurumie, kinatafuta mizizi kimyakimya na hakipendi kuulizwaulizwa.

Na wote wawili, maji ya udhu ni ya mpapai, na kama Bunda haupo, upandwe. Mmoja akimwona mwenzake anaelekea dirishani na birika, amnyang'anye. Shule inafungwa tarehe sita. Nitashukia Bunda, sitapitia Musoma, Mamdogo unikute huko. Njiti ya kiberiti nakuja nayo mwenyewe.

Mwanenu,
Najat